Viwanda Bubu vya Dawa za Kulevya Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila mara: na wenye nyumba, watendaji wa vijiji, wazazi, wafugaji, na vijana waliopewa kibarua wasichokielewa. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale ya pembeni. Kama tayari una mtu aliyeungua au aliyevuta hewa mbaya, ruka moja kwa moja hadi swali la huduma ya kwanza.

## Mambo ya msingi

Kiwanda bubu cha dawa za kulevya ni kitu gani hasa?

Ni mahali popote ambapo watu wanachanganya na kupika kemikali kwa siri ili kupata dawa ya kulevya. Usitarajie jengo lenye bomba la moshi na lango la chuma. Mara nyingi huwa ni banda la kuku lililoachwa, ghala la mazao, kontena, au nyumba ya kupanga ambayo madirisha yake hayafunguliwi.

Dawa inayotajwa zaidi hapa ni methamfetamini, ambayo vijana huiita meth au ice. Bangi na mirungi hulimwa, na heroini hutokana na utomvu wa mpopi ambao nao lazima ulimwe kwanza. Meth inaweza kupikwa bila shamba wala kungoja msimu. Ndiyo maana inawezekana Kajiado, Kenya, kama inavyowezekana Sinaloa, Mexico.

Haya si mambo ya Mexico na Marekani?

Yalikuwa. Nigeria iligundua kiwanda chake cha kwanza cha meth mwaka 2011, Lagos. Machi 2016 wapelelezi wa huko walivamia kingine kikubwa zaidi Asaba, jimbo la Delta, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo raia wanne wa Mexico waliotumika kama wapishi. Julai 2024 polisi wa Afrika Kusini waliingia kwenye shamba moja karibu na Groblersdal, jimbo la Limpopo, wakakuta kiwanda na dawa zilizokadiriwa kufikia thamani ya randi bilioni 2. Hapo pia walikamatwa Wamexico. Mwaka huohuo Kenya ikafichua kiwanda cha meth Namanga, kaunti ya Kajiado, mpakani kabisa na Tanzania.

Tazama kilichotokea Nigeria baada ya hapo. Dawa iliyopikwa kwa ajili ya masoko ya nje ilibaki nyumbani pia. Kufikia 2021 vijiji vya kusini mashariki vilikuwa vimejaa meth, ambayo Waigbo huiita mkpuru mmiri, na baadhi ya vijiji viliwachapa viboko hadharani vijana waliokuwa wakiitumia. Viboko havikumponya mtu.

Hata hivyo tusitiane hofu kupita kiasi. Meth nyingi inayokamatwa pwani yetu hupikwa mbali, hasa Afghanistan, ikaletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania (DCEA) ilikamata kilo 3,182 za meth na heroini Dar es Salaam na Iringa. Huo ni mzigo, si kiwanda. Mzigo huonyesha kuwa wanunuzi na njia vipo, na penye wanunuzi na njia, kuna siku mtu atapiga hesabu ya kupikia hapahapa.

Kwa nini wachague kijijini?

Harufu ndiyo sababu ya kwanza. Mjini jirani anayepakana nawe ukutani ataisikia; shambani hupeperuka. Kisha kuna maji, kodi nafuu, nafasi ya kufukia taka, na njia za panya kama mpaka uko karibu.

Sababu moja haisemwi sana, nayo ni ukarimu wetu. Mgeni anayelipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, asiyegombana na mtu na anayechangia harusi, hakuna anayemuuliza anafanya kazi gani. Mwenyekiti wa kitongoji anaona aibu kumuuliza, na balozi anaogopa kuonekana ana wivu.

Hizo kemikali wanazipata wapi? Si zimepigwa marufuku?

Nyingi hazijapigwa marufuku na hazitapigwa, kwa sababu zina kazi halali viwandani, hospitalini na shuleni. Zile zinazoweza kugeuzwa dawa za kulevya huitwa kemikali bashirifu, na biashara yake inasimamiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988. Tanzania, anayeingiza, kuhifadhi au kusafirisha kemikali za viwandani lazima asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Udhibiti huo unafanya kazi, ila tatizo huhamia kwingine. Marekani ilikuwa na matukio zaidi ya 20,000 ya viwanda vya meth na madampo yake mwaka 2004 peke yake, mengi katika vijiji vya majimbo kama Missouri. Sheria iliyopitishwa baadaye ikaziweka baadhi ya dawa za mafua nyuma ya kaunta, na viwanda vidogo vikapungua. Wapishi wakubwa wa Mexico wakaziba pengo.

## Madhara kwa mwili

Nani anaumia zaidi?

Mpishi na vibarua wake huumia kwanza, kwa moto na kwa tindikali. Lakini mara nyingi anayefuata hahusiki kabisa. Uchunguzi wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu waliojeruhiwa katika matukio ya viwanda hivi walikuwa waokoaji: polisi, zimamoto na wahudumu wa afya. Waliingia bila kujua wanaingia wapi, wakatoka wakikohoa, macho yakiwaka.

Kijijini hatuna gari la zimamoto linalofika kwa dakika kumi. Waokoaji wetu ni majirani wenye ndoo. Kwa hiyo pale uchunguzi unaposema "waokoaji", wewe soma "majirani".

Harufu peke yake inaweza kudhuru?

Inategemea ni hewa gani, kiasi gani na kwa muda gani. Mvuke wa viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia vitu) huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mvuke wa amonia na wa tindikali huchoma macho, koo na mapafu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa kiasi ambacho mwingine atakohoa tu akapita.

Ya kuogopwa zaidi ni gesi ya fosfini, ambayo hutoka katika baadhi ya njia za kupika meth na imeshaua watu ndani ya viwanda hivyo. Wakulima wanaijua hata kama hawajui jina lake: ndiyo inayotoka kwenye vidonge vya kufukizia nafaka ghalani, vile ambavyo afisa ugani anakukataza usiviweke chumbani unakolala. Ina harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ni nzito kidogo kuliko hewa, na haina dawa ya kuizimua. Mtu anaweza kutoka akitembea, hali ikabadilika saa kadhaa baadaye. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema yuko salama.

Watoto wako hatarini kuliko watu wazima?

Ndiyo, na sababu ni za kimwili tu. Mtoto anapumua haraka zaidi, yuko karibu na sakafu ambako hewa nzito hutulia, na mikono yake inaenda mdomoni. Watafiti wa hospitali ya National Jewish huko Denver, Marekani, walipika meth ndani ya nyumba chini ya uangalizi ili wapime inavyosambaa. Waliikuta hata katika vyumba ambavyo hakuna aliyepikia. Mtoto anayetambaa kwenye zulia la nyumba kama hiyo anaikusanya.

Kuna hatari nyingine ya haraka na ya kikatili: kemikali kali iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Mjamzito naye asisogee. Asishiriki kufagia, kuosha nguo za waliokuwa ndani, wala kubeba vitu vilivyotoka humo.

Mtu ameungua au amevuta hewa mbaya. Tufanye nini kabla ya hospitali?

Kwanza usiwe mgonjwa wa pili. Kama yuko ndani na hewa inawasha, usimfuate bila vifaa. Mwite atoke, fungua mlango kwa mbali ukiweza, na uite zimamoto. Barakoa ya kitambaa au kanga iliyoloweshwa haizuii gesi hizi.

Akishatoka, mpeleke upande upepo unakotoka. Mvue nguo zote zilizoguswa na kemikali, na kama ni fulana basi ikate kwa mkasi badala ya kuipitisha usoni. Mwoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 20 na zaidi, na macho vivyo hivyo. Unga mkavu wa kemikali upanguse kwanza kabla ya maji. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai. Usijaribu kutuliza tindikali kwa magadi, kwa sababu joto linalotokea linaongeza kuungua.

Mwambie daktari ukweli kuhusu mahali alipotoka. Wengi huficha kwa kuogopa polisi, daktari akatibu malaria huku mapafu yanajaa maji.

Maziwa hayaondoi sumu?

Hapana. Maziwa hayana la kufanya dhidi ya gesi iliyoingia mapafuni. Aliyemeza tindikali au magadi makali (kostiki soda) asilazimishwe kunywa chochote, na asitapishwe kamwe, kwa sababu kilichomchoma koo kikishuka kitamchoma tena kikipanda. Mpeleke hospitali na, kama inawezekana kukishika kwa usalama, beba chombo alichonywea.

Nikiishi karibu na kiwanda, nitakuwa teja kwa kuvuta harufu?

Hapana. Uraibu hauji kwa kupita njiani. Madhara ya jirani ni ya kemikali: macho, ngozi, mapafu, kichwa.

## Maji, udongo na mifugo

Kiwanda kimoja kinaacha taka kiasi gani?

Makadirio yaliyozoeleka Marekani ni kilo 5 hadi 7 za taka zenye sumu kwa kila kilo moja ya meth. Kwa amfetamini inayopikwa Ulaya, hasa Uholanzi na Ubelgiji, hutajwa kilo 20 hadi 30. Chukua hesabu ndogo: kiwanda kinachotoa kilo 100 kinaacha walau nusu tani ya uchafu ambao hakuna gari la taka linaloupokea. Unakwenda shimoni, mtoni, chooni, kichakani, au unachomwa usiku.

Dawa yenyewe inasafirishwa na kuuzwa. Taka zinabaki pale zilipomwagwa, na kwangu mimi huu ndio wizi mkubwa kuliko wote katika biashara hii. Faida inakwenda mjini na ng'ambo. Kijiji kinarithi shimo.

Kisima chetu kiko karibu. Tukichemsha maji itatosha?

Haitatosha, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi chumvi za kemikali wala metali. Maji yakipungua sufuriani, sumu iliyobaki inakolea. WaterGuard na klorini nyingine ni za vijidudu vilevile. Shabu ya kutuliza tope itakupa maji meupe yenye sumu ileile.

Funga kisima, weka alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa, na mwarifu afisa afya wa kata au wa kaunti pamoja na mamlaka ya maji. Sampuli zipimwe maabara. Kupima mara moja hakutoshi, kwa kuwa kemikali iliyofukiwa hushuka polepole na inaweza kufika kwenye maji ya ardhini baada ya mvua za masika, wakati kila mtu ameshasahau.

Madumu na mapipa yaliyoachwa ni mapya kabisa. Tukiyaosha kwa sabuni?

Msiyachukue. Najua bei ya pipa la lita 200, na najua litaishia wapi: kuhifadhia maji, kuchachushia pombe, kubebea mafuta ya kula. Plastiki hunyonya kemikali na kuzitoa taratibu kwa miezi. Pipa la chuma lililofungwa linaweza kuwa na mvuke unaolipuka pale fundi anapolikata kwa moto. Pamoja na hayo, ni vielelezo vya kesi.

Ng'ombe walikunywa kwenye lambo lililoingiwa taka. Nyama na maziwa vipi?

Wahamisheni leo, msingoje aonekane mgonjwa. Daktari wa mifugo aitwe awaone na ndiye aseme lini maziwa yatarudi kunywewa. Ng'ombe aliyekufa ghafla asichinjwe kuokoa nyama. Afukiwe mbali na maji.

Ng'ombe na mbuzi wanapenda kulamba chumvi, na unga mweupe uliomwagika unawavuta. Wafugaji wa maeneo makavu wazungushie miiba mahali pale haraka kabla ya kufanya jambo lingine.

Shamba lililomwagiwa litafaa tena?

Mara nyingi ndiyo, ila si msimu ujao. Viyeyusho vingi hupotea hewani baada ya muda. Tindikali na magadi makali huvuruga udongo, mahali pakabaki kipara. Metali nzito, kama zilitumika, hazipotei zenyewe. Udongo wa juu uliolowa huondolewa kwa usimamizi wa NEMC (Tanzania) au NEMA (Kenya), wasimamizi wa mazingira, kisha unapimwa kabla ya kupanda mboga za majani.

## Ukikitilia shaka

Dalili za kiwanda ni zipi?

Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Tazama zinapokutana: harufu kali ya kemikali inayokuja na kuondoka, hasa usiku, madirisha yaliyofunikwa kwa karatasi au plastiki nyeusi, feni zinazotoa hewa nje katika nyumba isiyo na biashara, jenereta inayounguruma hadi alfajiri, madumu na viroba vingi vilivyokwanguliwa lebo, majani yaliyokauka kwa mstari kutoka mlangoni hadi mtaroni, wakazi wanaotoka nje na barakoa za viwandani, magari yanayoshusha mzigo saa nane usiku, na uzio mpya wa gharama kwenye shamba lisilolimwa kitu.

Kabla ya kumshuku mtu, soma pia swali la mwisho la ukurasa huu.

Nimejikuta mlangoni pa kiwanda. Nifanye nini hapohapo?

Rudi ulikotoka. Usiguse, usionje, usinuse chupa. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, sigara wala kibatari, kwa sababu cheche ndogo inatosha kulipua mvuke. Usizime jiko wala usichomoe mtambo ukidhani unasaidia. Kuna michanganyiko inayolipuka ikisimamishwa vibaya. Usipige picha. Ukifika mbali, upande upepo unakotoka, ndipo upige simu.

Nimpigie nani?

Tanzania, piga DCEA namba 119, ni bure. Polisi ni 112, zimamoto ni 114. Kenya, polisi ni 999 au 112, na DCI, idara ya upelelezi, wana namba ya bure 0800 722 203. Anayetaka ushauri kuhusu mtumiaji wa dawa apige 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Sema kwamba kuna kemikali. Neno hilo hubadilisha watakaokuja na vifaa watakavyobeba.

Wakijua ni mimi niliyetoa taarifa?

Hofu hii ni ya haki. Namba za hapo juu zinapokea taarifa bila kudai jina lako. Usiitoe mbele ya watu, usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp, na kama unamshuku kiongozi wa eneo lako kuwa ana mkono wake humo, mruke uende ngazi ya juu. Ukishatoa taarifa nyamaza, hata kwa ndugu.

Wananchi wana hasira. Tukichome moto yaishe?

Msithubutu. Moto unageuza kemikali zote zilizomo kuwa moshi wa sumu kwa mkupuo mmoja, mapipa yanalipuka na kuruka, na maji ya kuzimia yanakwenda na sumu hadi kisimani. Mtawaumiza watoto wenu kwa kosa la wapangaji. Kisha vielelezo vinateketea, washitakiwa wanaachiwa, na wanaoshitakiwa ni ninyi kwa uchomaji.

Kijana wangu alipata kibarua huko: kulinda, kubeba madumu, kuosha vyombo. Analipwa vizuri mno.

Basi ndiye anayebeba hatari yote. Tajiri hayupo pale. Mpishi ana barakoa. Kijana ana ndala na mikono mitupu. Atoke sasa, aoge, nguo za kazini zisiingie ndani wala zisifuliwe pamoja na za familia, na apimwe mapafu na ngozi.

Kisheria, anayefanya kazi huku anajua kinachofanyika anahesabiwa mshiriki. Kutojitokeza hadi akamatwe kunamfunga zaidi kuliko kujitokeza mapema. Mtafutieni wakili kabla hajaandika maelezo polisi. Penye kesi ya dawa za kulevya adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na maneno ya siku ya kwanza hayafutiki kirahisi.

## Baada ya polisi kuondoka

Nyumba ni yangu, mpangaji ndiye aliyekuwa anapika. Nitashitakiwa?

Sheria za Tanzania na Kenya zinamwadhibu mwenye nyumba aliyeruhusu kwa kujua. Hoja yote iko kwenye kujua, na hapo karatasi ndiyo itakayokutetea: mkataba wa maandishi, nakala ya kitambulisho cha mpangaji, stakabadhi za malipo, na kumbukumbu kwamba ulikuwa unakagua nyumba. Mwenye nyumba aliyepokea fedha taslimu mara tatu ya kodi ya kawaida, hana mkataba, na hajakanyaga pale mwaka mzima, atapata taabu kuwaaminisha mahakimu kuwa hakuona kitu.

Naweza kuisafisha nyumba na kuipangisha tena?

Usiguse hadi polisi wakupe ruhusa kwa maandishi na wataalamu wawe wameondoa kemikali. Kinachobaki baada ya hapo ni mabaki kwenye kuta, dari, sakafu na mashimo ya maji machafu.

Fungua madirisha siku nyingi. Godoro, zulia, mapazia, viti vya sponji na vyombo vya plastiki vyote viondolewe. Usimpe maskini, ni kumpa ugonjwa. Kuta za saruji zioshwe kwa maji na sabuni zaidi ya mara moja, kisha zipakwe rangi upya. Dari za mbao laini zing'olewe. Shimo la choo likaguliwe, maana ndiko taka nyingi humwagwa. Nyumba ya udongo yenye sakafu ya kusiliba ni ngumu zaidi kwa sababu udongo unanyonya. Mimi ningeibomoa, nikajenga pembeni.

Kama watu walivuta tu meth ndani, bila kupika?

Ni jambo tofauti kabisa, na New Zealand walijifunza kwa gharama. Mwaka 2017 waliweka kiwango kikali cha mikrogramu 1.5 kwa kila sentimita 100 za mraba za ukuta, na wapangaji wengi wa nyumba za serikali walishafukuzwa kwa sababu ya mabaki madogo. Mei 2018 mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu wao, Sir Peter Gluckman, akaeleza kwamba hakuna ushahidi kuwa mabaki ya uvutaji peke yake yanadhuru wakazi wanaofuata, na akapendekeza kiwango cha 15. Shirika la nyumba likaomba radhi na kulipa fidia. Kwa hiyo nyumba ya mvutaji ioshe vizuri, lakini usiibomoe.

Gharama za kusafisha analipa nani?

Hata Marekani, serikali hubeba mapipa na kemikali zinazoonekana, na mabaki yaliyomo ukutani humwangukia mwenye mali. Kwetu sheria za mazingira zinasema aliyechafua alipe, ila aliyechafua yuko rumande au amevuka mpaka. Kijiji kiombe mapema, kwa barua kupitia halmashauri au kaunti, kwamba mali zitakazotaifishwa katika kesi zichangie kusafisha maji na ardhi. Msingoje hukumu, wakati huo hakuna atakayekumbuka jina la kijiji.

## Maswali ya pembeni

Mtambo wa gongo au chang'aa nao ni kiwanda bubu?

Kwa sheria za dawa za kulevya, hapana; una sheria zake. Kwa afya, tofauti ni ndogo pale mtengenezaji anapotia methanoli, yaani spiriti ya viwandani yenye sumu. Februari 2024 pombe haramu iliua watu wasiopungua 17 katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, na wengine wakapofuka. Aliyekunywa na kuanza kuona ukungu apelekwe hospitali mara moja; methanoli ina tiba ikiwahiwa.

Kijana wetu ameshaanza kuvuta meth. Tumpeleke kwenye methadoni?

Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Tanzania imekuwa ikiitoa tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, na imewasaidia wengi, lakini haitibu meth. Kwa meth hakuna kidonge maalumu. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa muda mrefu, usimamizi wa karibu, na matibabu ya akili kwa anayesikia sauti au kuona maadui kila kona. Anaweza kukesha siku kadhaa kisha akalala kama amezimia. Akiwa katika hali ya kukesha na kushuku watu, usibishane naye, mwondolee visu na panga, na tafuta msaada wa hospitali.

Ninaishi Marekani na ninataka kununua nyumba ya bei rahisi mashambani. Nitajuaje?

DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, ina orodha ya kitaifa ya anwani ambako viwanda viliwahi kukutwa, na unaweza kuitazama bure mtandaoni. Haina nyumba zote, kwa sababu inategemea taarifa za vyombo vya dola. Majimbo mengi yanamtaka muuzaji aeleze historia hiyo. Bei ikiwa chini mno kuliko ya majirani, lipia kipimo cha kuta kabla ya kusaini.

Jirani ana mapipa ya kemikali, lakini anasema anachenjua dhahabu. Nimwamini?

Inawezekana kabisa. Geita, Chunya, Migori na kwingine, wachenjuaji wadogo wana tindikali, sianidi, zebaki, feni na jenereta za usiku. Watengeneza sabuni wana magadi makali. Wasindika ngozi za mifugo wana harufu zao. Ukitazama kwa mbali wote wanafanana na wapishi wa meth, na kumzushia mtu ni kumweka kwenye mikono ya wananchi wenye hasira.

Mwenye kazi halali ana vitu vya kuonyesha: leseni ya biashara, usajili wa kemikali, wateja wanaoingia mchana, na lebo ambazo hazijakwanguliwa. Kazi ya kumuuliza si yako peke yako. Mtendaji wa kijiji au chifu ana mamlaka ya kwenda na afisa afya na kukagua. Na kama ni mchenjuaji kweli lakini maji yake ya sianidi yanatiririka kwenye mto mnaoutegemea, taarifa bado inatakiwa, safari hii kwa ofisi ya madini na ya mazingira, na ushauri wote uliotolewa hapo juu kuhusu visima, madumu na mifugo unabaki vilevile.